Fikiri Kibosi? Basi Leteni Daftari

Najua nimewatupa, wiki tatu nzima sijaandika hata mstari. Si mnajua tena, testi zimefuatana kama daladala kituoni, halafu wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu kusimama mbele ya wenzangu nijifanye mwalimu wa kidato cha pili, huku mhadhiri kakaa nyuma na kalamu nyekundu. Nimepona. Habari za maksi tuziache siku nyingine.

Leo nina hasira. Nimeizuia tangu Jumamosi, nimeshindwa, bora niimwage hapa kuliko kugombana na watu kwenye foleni ya chakula.

Jumamosi nilikwenda kwenye ile semina ya uongozi. Kiingilio elfu tatu, yaani sahani mbili za wali maharage. Msemaji kaja na suti ya bluu, kipaza sauti cha kubandika shavuni, na picha kubwa ukutani: Steve Jobs, Bill Gates, Dangote, Mo Dewji. Kila picha na somo lake. Amka saa kumi alfajiri. Soma vitabu hamsini kwa mwaka. Tembea na watu waliokuzidi. Vaa kama bosi kabla hujawa bosi. Ukumbi mzima tunaandika, na mimi nimo, naandika mbio kama vile swali litatoka kwenye mtihani!

Wakati wa kutoka nikapewa karatasi ya kampeni mlangoni. Mnajua msimu wenyewe huu, kila mti hapa chuoni una sura ya mtu. Juu ya karatasi maandishi makubwa: FIKIRI KIBOSI, CHAGUA KIBOSI. Chini yake picha ya mwenyekiti wa darasa letu, kakunja mikono, anatazama mbali kama anaiona 2050. Anagombea urais wa serikali ya wanafunzi. Suti ni ya kuazima, mwenye nayo namjua.

Sitamtaja jina. Darasani kwetu hahitaji kutajwa, na ninyi wa nje jina lake halitawasaidia kitu, maana wa aina yake wapo kila kitivo.

Sasa sikilizeni kilichotokea Jumatatu. Asubuhi nimenunua maandazi mawili kwa mama pale karibu na vimbweta, akanifungia kwenye gazeti la zamani. Nimemaliza kula, nikaikunjua ile karatasi yenye mafuta niisome, maana mimi ni mtu wa kusoma hata vifungashio vya sabuni. Nikakuta hesabu za benki. Zile jedwali ambazo benki zetu hutakiwa kuzitangaza kila robo mwaka. Amana za wateja kiasi gani, mikopo kiasi gani, mikopo isiyolipika asilimia ngapi, faida, hasara, matawi mangapi, wafanyakazi wangapi. Chini kabisa majina na saini: mkurugenzi mtendaji, mkuu wa fedha, mkaguzi wa ndani.

Nikakaa nikaitazama ile karatasi muda mrefu. Yaani mimi, mwanafunzi wa ualimu kutoka Singida, ambaye sina hata akaunti kwenye benki hiyo, naweza kujua bosi wake ameingiza nini na amepoteza nini miezi mitatu, tena bure, kwenye karatasi ya maandazi! Lakini mwenyekiti wa darasa la watu 118, ambaye nalala jengo la jirani na lake, sijui hela zetu amezipeleka wapi.

Hapo ndipo nilipoielewa hasira yangu. Ile semina ilituuzia MABOSI WASIO NA DAFTARI. Ilitupa suti, saa ya kuamka na maneno ya ukutani. Ikaficha kile kitu kimoja ambacho bosi wa kampuni anakifanya atake asitake, na ambacho viongozi wetu hawataki kukigusa: kutoa hesabu kwa watu ambao hela ni zao, kwa tarehe inayojulikana, na jina lake likiwa chini.

Wahenga walishamaliza zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema mali bila suti.

Msije mkaniambia nawachukia matajiri. Hapana. Nilikwenda maktaba siku mbili nikasoma habari za hawa wakurugenzi, na kweli wana ya kutufundisha. Ila si yale tuliyouziwa elfu tatu.

Mchukueni Kazuo Inamori, Mjapani. Huyu alianzisha kampuni ya Kyocera mwaka 1959. Januari 2010 shirika la ndege la Japani, Japan Airlines, lilifilisika, na serikali ikamwomba yeye akaliongoze. Alikuwa na miaka 78. Habari za ndege hakuwa anazijua. Alikubali, na akakataa kulipwa mshahara. Alichokifanya si kubandika misemo. Alilikata lile shirika kubwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kikatakiwa kijue mapato yake na matumizi yake, mwezi kwa mwezi. Watu ambao zamani walidhani hesabu ni kazi ya wakubwa wa juu, wakaanza kuziona. Shirika lilisaidiwa na fedha za serikali na kusamehewa madeni, hilo tusilifiche, lakini Septemba 2012 lilirudi kwenye soko la hisa la Tokyo. Mzee alianza kwa kuwaonyesha watu daftari!

Sisi je? Ngoja niwaambie yetu.

Muhula uliopita darasa la Historia tulikubaliana kwenda ziara Bagamoyo. Tukaione Kaole, tukaione Ngome Kongwe na Caravanserai, vitu ambavyo mwakani tutasimama mbele ya watoto kuvifundisha. Mimi wa bara huku, bahari yenyewe niliiona nilipokuja chuo, kwa hiyo nilikuwa nahesabu siku. Mchango elfu kumi na tano kila mtu. Walilipa watu 94. Pigeni hesabu: 1,410,000. Ziara haikufanyika. Kwanza tukaambiwa basi limepanda bei. Baadaye tukaambiwa tusubiri bumu. Baadaye mwenyekiti akalifunga grupu la WhatsApp, akawa ni yeye peke yake anayeweza kuandika. Tangu siku hiyo kilichoandikwa humo ni salamu za Idi, salamu za Pasaka na sasa picha ya suti.

Hapo namkumbuka James Burke wa Johnson & Johnson. Mwaka 1982 watu saba walikufa huko Chicago na vitongoji vyake baada ya kumeza vidonge vya Tylenol. Kuna mtu alikuwa ametia sumu ya sianidi kwenye vidonge vilivyokuwa madukani, na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa vifo hivyo. Kampuni haikuwa na kosa. Burke angeweza kusema "si sisi" akanyamaza. Waliwatangazia watu wasivitumie, wakaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31 nchi nzima, hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Kisha wakarudi sokoni na chupa zilizofungwa kwa namna ambayo ukiifungua, itaonekana imefunguliwa. Watu wakarudi kununua. Somo hapo ni jepesi hata mtoto wa darasa la nne analielewa: habari mbaya itoke kinywani mwako, na itoke mapema. Basi likipanda bei, sema leo. Ukisubiri wiki sita hiyo si habari tena, ni kesi.

Halafu kuna hili la watu 24. Tupo 118, waliolipa 94, waliobaki 24. Kwenye kikao mtu mmoja aliuliza, hawa wasio na mkopo wa bodi tutawasaidiaje? Mwenyekiti akajibu, "Asiye na hela abaki, hii si NGO." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Mtu huyo huyo kwenye karatasi yake ya kampeni kaandika anamwiga James Mwangi wa Equity. Kha! Equity ilianza mwaka 1984 huko Murang'a, Kenya, ikiwa chama cha kukopesha watu nyumba. Kufika 1993 ilihesabiwa kuwa imefilisika, mikopo zaidi ya nusu ilikuwa hailipiki. Mwangi alijiunga mwaka huo huo. Walifufukaje? Waliwageukia watu ambao benki nyingine ziliwafukuza mlangoni: mama wa sokoni, mkulima wa chai, kibarua. Wakaondoa masharti ya kiasi cha chini cha kufungulia akaunti, wakaondoa makato ya kila mwezi, wakapeleka huduma vijijini kwa magari. Mwaka 2004 ikawa benki kamili, 2006 ikaingia soko la hisa la Nairobi, na 2012 Mwangi akapewa tuzo ya dunia ya wajasiriamali kule Monte Carlo. Utajiri wake ameujenga kwa kuwauliza wale "24" wanataka nini. Wewe umewaambia wabaki, halafu unaweka jina lake kwenye karatasi yako? Unamwiga nini, tai?

Sasa upande wa pili, maana msemaji wa Jumamosi hakuugusa kabisa. Mabosi wanaanguka, na mara nyingi wanaanguka wakiwa bado wamependeza. Mnaikumbuka Nakumatt, ile yenye tembo? Ilianzia Nakuru kwenye magodoro, ikakua ikawa mfalme wa supamaketi Afrika Mashariki, Kenya, Uganda, Rwanda mpaka hapa Dar. Mwaka 2012 ungeiweka kwenye picha za semina bila kusita. Kumbe inapanuka huku waliomletea maziwa, unga na mboga hawajalipwa. 2017 rafu zikawa tupu. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Ukubwa ulikuwa wa tembo, ila chakula cha tembo kilikuwa cha mkopo.

Na Enron ya Marekani, iliyoanguka Desemba 2001, ilikuwa na "uadilifu" kwenye orodha ya maadili yake. Imeandikwa vizuri kabisa. Kwa hiyo mtu akinijia na neno UADILIFU kwenye karatasi ya rangi, simwamini wala simkatai. Namuuliza daftari liko wapi.

Jana usiku nilimsomea haya mwenzangu wa chumbani. Yeye anasoma uchumi, akanikata: "We ticha, unachanganya mambo. Kampuni inatafuta faida. Kiongozi hatafuti faida. Kwa hiyo usituletee mabosi kabisa, wabaki na biashara zao."

Nimelifikiria sana hilo, na nusu yake nakubali. Inamori huyo huyo ninayemsifu, wakati anaiokoa Japan Airlines, karibu theluthi moja ya wafanyakazi iliondoka. Bosi anaweza kupunguza watu akabaki na kampuni nyepesi. Kiongozi hawezi. Rais wa wanafunzi hawezi kuwapunguza wasio na mkopo ili takwimu zake zipendeze. Mwalimu mkuu hawezi kuwafukuza watoto wazito ili wastani wa shule upande, ingawa kuna shule zinafanya hivyo na zinapigiwa makofi. Hilo la kibosi tusilichukue, nawaomba. Anayetuambia "nitaendesha chuo kama kampuni" aulizwe kwanza: wafanyakazi wako ni akina nani, wateja wako ni akina nani, na sisi tusio na hela tumo kundi gani?

Lakini nusu ya pili namkatalia. Daftari halina uhusiano na faida. Serikali haitafuti faida, na bado ina CAG anayekagua na kutoa ripoti kila mwaka, tunaisoma magazetini, watu wanatoka jasho. Kikundi cha kina mama cha kukopeshana kule kwetu Singida kina sanduku lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na kila wiki hela inahesabiwa mbele ya wote. Mama yangu ni mmoja wa washika funguo. Hajawahi kwenda semina ya uongozi. Kwa hiyo hili si jambo la Wajapani wala la matajiri. Ni jambo la mtu yeyote anayeshika cha wenzake.

Haya, sasa sehemu ngumu. Nimeizunguka tangu nianze kuandika.

Mimi nilikuwa katibu wa ile kamati ya Bagamoyo.

Orodha ya watu 94 iko kwenye kaunta buku langu, kwa mwandiko wangu. Ninachokijua ni hiki: 300,000 zilitolewa za kushikia basi, risiti niliiona. 200,000 tuligawana wajumbe watano wa kamati, elfu arobaini kila mmoja, ikaitwa "posho ya ufuatiliaji". Na mimi nilipokea. Sikufuatilia kitu. Nilinunua viatu na vocha. Zilizobaki ni 910,000, alizishika mwenyekiti, na kila nikimuuliza ananiambia, "Dada, tulia, zipo." Simwiti mwizi. Labda zipo kweli. Ninachosema ni kwamba watu 94 hawajui, na mimi katibu wao sijui, na huko kutojua ndiko kosa lenyewe, hata kama kila senti ipo chini ya godoro.

Mtaniuliza, kwa nini ulinyamaza muhula mzima? Kwa sababu ni rafiki yangu. Mwaka wa kwanza bumu lilipochelewa, huyu kaka ndiye aliyekuwa ananilipia wali maharage wiki mbili, na hakunidai wala hakunitaka kitu. Ni mtu mwema. Ndiyo maana nimechelewa, na ndiyo maana nimeona niandike. Daftari halikuwekwa kwa ajili ya watu wabaya tu. Limewekwa ili watu wema wasije wakaombwa waaminiwe kwa macho. Ile benki ya kwenye maandazi haikusubiri wateja wamshuku bosi ndipo atoe hesabu. Tarehe ikifika anatoa.

Jumanne nilimwambia uso kwa uso kwamba nitaandika. Akanitazama, akasema, "Wewe dada, yaani wewe?" Sina la kuongeza hapo. Limenikaa kooni mpaka sasa.

Kwa hiyo msimu huu wa kampeni mimi nina maswali manne tu, na nitayauliza kwa kila anayepita chumbani kwetu kuomba kura, awe na suti au na kandambili:

Moja. Uliwahi kushika hela za watu? Leta ukurasa mmoja, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki.

Mbili. Ukishinda, hesabu utazitangaza tarehe ngapi? Si "kwa wakati". Tarehe.

Tatu. Nani atakukagua, na je, ni rafiki yako?

Nne. Wale ambao hawakuweza kulipa, uliwafanyaje?

Anayejibu haya manne, hata kama anaamka saa tatu na hajasoma kitabu tangu azaliwe, kura yangu anayo. Asiyejibu, aende akafikiri kibosi huko huko.

Na ili msiseme namnyooshea mwenzangu kidole huku vitatu vinanielekea mwenyewe: elfu arobaini yangu nairudisha Ijumaa. Viatu nimeviuza kwa elfu ishirini na mbili, iliyobaki nimekopa kwa mwenzangu wa chumbani, ambaye ameandika deni kwenye daftari lake na kunisainisha, mchumi huyo! Nitaikabidhi kwa mweka hazina wa darasa, mbele ya mashahidi wawili, na ile orodha ya watu 94 nitaibandika ubaoni pamoja na mchanganuo wote ninaoujua. Wajumbe wengine watatu nimewaambia. Mmoja kasema atarudisha. Wawili wamenitumia alama ya kucheka.

Kura ni wiki ijayo. Bagamoyo bado iko pale pale, haijahama. Nikifika nitawaletea habari zake.

Ngoja nikaandae somo. Kesho mada yangu ni biashara ya misafara ya kati ya bara na pwani, na mhadhiri ameshasema hataki kusikia nimekariri tu.

Tuonane Mungu akipenda.